Namba C ya Rangi ya Damu ya Mzee

Siku ya kwanza kazini nilifika yadini saa moja kasorobo asubuhi nikiwa nimevaa sketi yangu ya kanisani, kwa sababu karatasi iliyobandikwa kwenye kibanda cha vocha ilisema anatafutwa msichana wa mauzo. Ulikuwa mwezi wa saba, Karatu yote imefunikwa na ukungu, na magari kumi na mawili yalikuwa yamejipanga kando ya lami iendayo geti la Ngorongoro, kila moja na kikaratasi cha bei kwenye kioo. Meneja wa Yadi alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akanipa ndoo.

"Mauzo yanaanzia hapa," akasema.

"Mimi nimekuja kuuza, Meneja."

"Hata mimi nimekuja kuuza. Mteja hanunui gari, ananunua mng'ao. Osha kwanza."

Nikaosha. Kufika saa nne sketi ilikuwa na doa la oili ambalo mama yangu alikuja kulifua kwa ndimu, chumvi na maneno, na halikutoka. Lakini jioni nilirudi nyumbani naimba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sipendi kuziandika hapa, na nilikuwa nimekaa ndani ya magari kumi na mawili kwa siku moja. Katika kila moja nilishika usukani nikajiona naenda mahali.

Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa. Wadogo zangu mnaoingia sasa kwenye biashara ya magari, na ninyi mnaotaka tu kununua gari moja bila kuja kulia, nawaandikia jinsi tulivyoifanya.

Magari yaliyonilea ni yale ya kimo cha kati. Wenye kusoma huyaita krosova. Sisi pale yadini tuliyaita "kimo", basi. Si gari la chini linaloburuza tumbo kwenye kila tuta, wala si lile kubwa la watalii ambalo ukiliwasha tu mshale wa mafuta unashuka. Kimo linabeba watu watano na magunia mawili ya vitunguu nyuma, linapita kwenye tope mradi halijafanyiwa ujanja, na ukifika nalo kijijini watu wanasimama kukusalimia. Mwalimu analitaka, nesi analitaka, bwana shamba analitaka, mchungaji analitaka. Ndiyo maana linauzika, na likishauzika linauzika tena. Hilo la kuuzika tena ndilo lililonipa chakula na ndilo lililonikosesha usingizi.

Sasa niwaeleze habari ya namba. Kila gari linaloingia barabarani kwetu hupewa kibao chenye T, halafu tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Ile herufi ya kwanza katika zile tatu hupanda kadiri miaka inavyokwenda. Ilikuwa A, ikaja B, ikaja C, ikaja D, sasa tuko E. Kwa hiyo mtu wa Karatu hakuulizi gari limetengenezwa mwaka gani. Anauliza, "Namba gani?" Ukisema E, anatabasamu. Ukisema C, anakuuliza kama linawaka. Lakini herufi hiyo inasema gari limesajiliwa lini hapa kwetu, haisemi limezaliwa lini huko lilikotoka. Gari linaweza kuzeekea ughaibuni, likavuka bahari likiwa na mvi, likafika hapa likapigwa namba E na kuitwa kijana. Mwaka wake wa kweli umeandikwa kwenye kadi ya gari, na watu wengi kadi wanaitazama jina la mmiliki tu. Bei ya mtaani inafuata herufi. Nimeona watu wazima, wenye digrii, wakilipa mamilioni ya ziada kwa ajili ya herufi moja ya alfabeti.

Aliyenifundisha kusoma zaidi ya herufi ni Fundi Mkuu wa yadi, mzee wa Kiiraqw aliyeendesha watalii mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuwa na gunia tupu la mbolea alilolitandika chini ya gari kila asubuhi, akalala chali, akabaki miguu tu. Mwezi wangu wa pili aliniita akiwa huko huko chini.

"Paskalina. Wewe unaosha juu. Njoo uone huku kunakosemwa ukweli."

Nikalala kando yake kwenye gunia. Akanionyesha kwa tochi kitu kimoja kimoja. Bushi, zile raba zinazokaa kati ya chuma na chuma, zikipasuka gari linagonga kwenye mashimo. Shokapu, ikiwa na unyevu wa mafuta imekufa. Propela shafti, chuma kirefu kinachotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma kwenye difu, ndicho kinachopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma.

"Hiki wapo wanaokichomoa," alisema, akikigonga kwa kidole, "ili gari linywe mafuta kidogo. Gari linaendelea kutembea, linavutwa na matairi ya mbele peke yake. Na pale nyuma maandishi ya fowili, ya kuvuta kwa matairi yote manne, yanabaki yanang'aa, nawe unayaosha."

Akanifundisha na mkanda wa kiti: uvute mpaka mwisho wake, kwa sababu pale mbele kila muuzaji anapafuta, lakini ile sehemu iliyojiviringa ndani hakuna anayeikumbuka. Ukikuta vumbi jekundu, gari limeishi kwetu. Ukikuta mstari wa tope, limewahi kuzama kwenye maji. Alikuwa na sumaku ndogo amefunga kwenye leso, anaipitisha kwenye bodi polepole. Inashika bati, ila ikifika kwenye pati, ule udongo wa kuzibia palipobonyea, inaanguka mkononi. Vichwa vya bolti za boneti alivitazama kama daktari wa meno. Rangi ikiwa imechubuka kwenye kona zake, spana imepita hapo, na spana haitembei bila shughuli.

Lakini kubwa kuliko yote aliniambia siku moja tunakula makande nyuma ya ofisi.

"Mtu akija kununua, usimtazame yeye peke yake. Nyuma yake amesimama mtu wa pili, yule atakayekuja kulinunua kwake baadaye. Humwoni, lakini yupo. Huyo ndiye umkagulie."

"Nitamjuaje, Fundi Mkuu, na haonekani?"

"Anafanana na wewe siku ambayo huna hela ya kuchezea."

Mwaka wa tatu Meneja akanipandisha cheo nikawa Ofisa Mauzo. Nilipewa kiti cha plastiki, meza, na ruhusa ya kushika funguo. Nikanunua suti ya mtumba, nyeusi, ya heshima. Na hapa lazima niandike kosa langu, maana kumbukumbu zisizo na kosa ni tangazo.

Alikuja mwalimu mmoja kutoka Digodigo, mpole, amevaa sweta la kufumwa. Alitaka gari litakalomfikisha shuleni na mashambani wakati wa mvua. Nilimwonyesha kimo moja, namba D ya mwishoni kabisa, liking'aa kama sahani. Maandishi ya fowili yapo nyuma. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni namba D za mwisho mwisho, haishuki bei." Sikulala chini. Nilikuwa nimevaa suti.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu.

"Ofisa Mauzo, shikamoo ya kazi."

"Marahaba ya kazi, Mwalimu. Gari linasemaje?"

"Limenyamaza. Niko karibu na mfereji, kwenye tope. Matairi ya mbele yanachimba kisima."

"Na ya nyuma yanafanya nini, Mwalimu?"

"Yanatazama."

Nilielewa kabla hajamaliza. Propela shafti haikuwepo. Fundi wa huko alipochungulia alikuta nafasi tupu na bolti zake hazipo. Na Mwalimu alipotaka kuliuza, kila aliyekuja kulitazama alichungulia chini, akasimama, akajipangusa magoti na kuaga. Aliliuza mwaka uleule kwa bei ya kuliondoa nyumbani tu. Hakunitukana. Angenitukana ningepona mapema. Aliniambia tu, "Usijali mwanangu, nawe unajifunza." Nililia chooni pale yadini, halafu nikaenda mnadani kununua ovaroli. Suti nilimpa binamu yangu, akaivaa kwenye harusi ya shangazi yake.

Basi mwaka wangu wa sita ndipo wakaja Mama Naserian na mumewe.

Mama Naserian ni muuguzi wa zahanati upande wa Enguserosambu. Walikuja siku ya Jumatatu, wamelala njiani, vumbi mpaka kwenye kope. Yeye alishika pochi kwa mikono miwili. Baba Naserian, mfugaji, mrefu, shuka yake nyekundu na viatu vya matairi, hakuniangalia mimi. Alianza kuyazunguka magari taratibu kwa fimbo yake, anasimama, anainama, anatazama upande, anaendelea. Nikajua huyu anakagua ng'ombe.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Mama Naserian akasema. "Tunatafuta kimo. Namba E. Wenzangu zahanati wameniambia nisirudi na chini ya E, watanicheka."

"Mtalitumia muda gani?"

"Miaka mitatu. Naserian yuko kidato cha pili. Akimaliza cha nne anataka chuo cha tiba, awe tabibu. Hatuna kingine cha kumpeleka. Baba yake ameuza ng'ombe, mimi nimetoa akiba yangu yote ya kazi. Gari litutumikie miaka mitatu, litupeleke Wasso hospitalini, libebe wagonjwa, halafu tuliuze, Naserian asome."

Aliposema hivyo aliikaza mikono kwenye pochi. Mtu alikuwa ameweka masomo ya mtoto wake ndani ya gari ambalo bado hajalichagua.

Baba Naserian akarudi kutoka mzunguko wake. "Ndito," akaniita, kwa Kimasai chao maana yake msichana, "ng'ombe jike nikimnunua leo, baada ya miaka mitatu ninao watatu, labda wanne. Gari nikilinunua leo, baada ya miaka mitatu nina nini?"

"Una gari hilohilo, baba, limechoka kidogo."

"Halizai."

"Halizai."

"Kwa hiyo tunatafuta tasa ambaye hakondi."

Nikacheka, naye akacheka, lakini hakuna aliyewahi kunieleza bei ya kuuza tena vizuri kuliko hivyo. Hakuna gari linaloongezeka. Unachotafuta ni lile linalopungua polepole.

Mbele ya ofisi lilikuwepo kimo jeupe la lulu, namba E, limeshuka meli juzijuzi. Meneja alikuwa ameliweka pale makusudi, na asubuhi ile alikuwa ameniambia hilo lazima litoke wiki hii. Bei milioni ishirini na moja. Mama Naserian aliliona akalifuata kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, lilikuwepo jingine la aina ileile, rangi ya damu ya mzee, namba C, la mhasibu mmoja aliyekuwa anahama. Aliliacha pale tumuuzie. Milioni kumi na tano na nusu. Limepauka juu ya paa, mbu wamejaa kwenye taa.

Nilivaa ovaroli nikachukua gunia. Chini ya lile jeupe kila kitu kilipakwa rangi nyeusi mpya, na Fundi Mkuu alishaniambia mtu hapaki rangi uvunguni bila kuwa na la kuficha. Nikakwangua kidogo kwa ukucha, kutu ikanidondokea usoni. Huko lilikotoka kuna theluji, na barabara humwagiwa chumvi. Nikafungua kadi. Lilikuwa limetengenezwa miaka minne kabla ya lile la damu ya mzee. Yaani kijana wa namba E alikuwa kaka mkubwa wa mzee wa namba C.

Lile la nyuma nililala chini yake dakika ishirini. Propela ipo, kavu. Bushi mbili za kubadilisha. Mkanda una vumbi jekundu, lakini hilo lilikuwa vumbi la Karatu la kawaida, halikuwa na mstari wa maji. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa kwenye mlango mmoja wa nyuma, ambako mhasibu mwenyewe alikuwa ameshaniambia aligonga nguzo ya geti lake. Mtu anayekutajia kosa lake kabla hujaliona, gari lake linanunulika.

Nikaenda kumwambia Mama Naserian. Meneja akanisikia kutoka dirishani, akatoka.

"Paskalina, njoo hapa." Tukasogea pembeni, lakini sauti yake haikusogea. "Wewe unalipwa na yadi au unalipwa na mteja?"

"Na yadi, Meneja."

"Sasa mbona unauza la mtu na la yadi limesimama?"

"Lile jeupe lina kutu, Meneja. Wanataka waje waliuze, mtoto asome."

"Kila mtu ana mtoto. Mimi nina wanne."

Akilini nikamwona Mwalimu wa Digodigo na sweta lake.

"Hilo jeupe siwezi kumuuzia huyu mama," nikasema.

"Basi kesho usije."

Nikarudi kwa Mama Naserian nikamweleza yote, na kwamba kuanzia kesho mimi si mtu wa hapa, kwa hiyo maneno yangu ayapime mwenyewe. Nikalala tena chini ya lile jeupe, nikamwomba na yeye alale. Muuguzi wa serikali na gauni lake akalala kwenye gunia la mbolea akashika kutu kwa kidole chake. Halafu tukaenda kwa lile la nyuma akashika propela. Alipotoka alikuwa na jani kichwani.

"Lakini namba C," akasema taratibu. "Watanicheka, mwanangu."

Baba Naserian alikuwa amesimama kando ya gari lile, mkono juu ya boneti, shuka yake na rangi ya gari havitofautiani sana. "Wanacheka siku ngapi?" akauliza.

"Wiki moja, mbili."

"Wacheke. Rangi hii ni yetu, na vumbi la Wasso halionekani juu yake."

Wakanunua. Hela iliyobaki ikanunua matairi manne mapya na bushi mbili, na nyingine wakaondoka nayo kwa ajili ya sevisi. Kabla hawajapanda, niliwapa masharti, nikiyahesabu kwa vidole. Msichome chuma cha kubebea mizigo juu ya paa, kila tundu linaloongezwa linatolewa kwenye bei. Msibadilishe redio. Uvunguni paoshwe kila mkirudi na tope. Oili kwa wakati, na kila mkibadilisha, iandikwe kwenye kitabu: siku, kilomita, nani amefanya. Na likigongwa, lisifichwe.

"Mbuzi?" Baba Naserian akauliza.

"Mbuzi nini, baba?"

"Wanaruhusiwa?"

"Turubai chini. Na madirisha wazi."

Kwa hiyo nikafukuzwa kazi, na huko kufukuzwa ndiko kulikonipa kazi bora kuliko zote. Wiki ya kwanza nilikaa nyumbani namenya viazi. Wiki ya pili akanipigia nesi mwingine wa Wasso: "Wewe ndiye dada unayelala chini?" Halafu bwana mifugo. Halafu wauza duka wawili. Nikawa mkaguzi wa kujitegemea, ofisi yangu gunia, tochi na sumaku ya Fundi Mkuu, aliyonipa siku alipoacha kazi akarudi kulima ngano. Nililipwa na mnunuzi peke yake, sikuchukua cha muuzaji hata soda. Nilikwenda Arusha kukagua, nikaenda Mto wa Mbu, nikafika Digodigo pia, nikamkagulia Mwalimu gari la pili bila malipo, na safari hii matairi yote manne yalifanya kazi. Lile jeupe lilinunuliwa na mtu mwingine. Lilirudi yadini ndani ya miaka miwili, chini yake pameoza, likakaa pale mpaka namba E yake ikazoeleka, na Meneja akaliuza kwa milioni kumi na moja. Najua kwa sababu mwaka huo Meneja mwenyewe alinipigia.

"Paskalina, kuna magari mawili nataka kuyachukua Arusha. Njoo uyatazame kabla sijalipa."

"Meneja, nitalipwa na yadi au na mteja?"

Akakohoa. "Njoo tu, mama."

Mwaka huu, mwezi uliopita, Mama Naserian na mumewe wameteremka tena na lile la damu ya mzee. Naserian alikuwa amefaulu na amepata nafasi ya chuo cha tiba. Usajili unafungwa Ijumaa, na ilikuwa Jumanne. Asiyelipa awamu ya kwanza kabla ya Ijumaa, nafasi yake inapewa mwingine. Tuliliosha, nikaliwekea bei milioni kumi na nne, tukakaa kwenye benchi kando ya lami tukisubiri.

Jumanne hakuja mtu wa maana. Jumatano alikuja kijana, Ofisa Kilimo, na fundi wake. Alitazama kibao kabla ya gari.

"Namba C? Siku hizi?"

"Siku hizi," nikasema.

"Tisa. Nakupa tisa, taslimu, leo."

Mama Naserian alinitazama. Niliona macho yake yakipiga hesabu ya Ijumaa. Tisa ingelipa miaka miwili, na chuo ni miaka mitatu. Akafungua mdomo, nami nikamgusa goti.

"Kaka," nikamwambia Ofisa Kilimo, "umekuja na fundi. Fundi wako alale chini. Akitoka huko akisema tisa, nitakaa kimya."

Nikamtandikia gunia. Fundi akaingia. Wakati huo Ofisa Kilimo akafungua mlango wa nyuma, akainamisha kichwa, akanusa.

"Hapa kumekuwa na mbuzi."

Nikafumba macho.

"Kumi na mmoja," Baba Naserian akajibu. "Si siku moja. Na mama wajawazito sita, mmoja alijifungulia kabla ya kufika Wasso, mtoto ni mzima. Mlango huu wa kushoto aliugonga mwenye gari wa kwanza. Bampa niliigusisha mimi kwenye mti, alama yake hii hapa. Kingine hakuna."

Nikampa yule kijana kitabu cha sevisi. Alipokifungua akawa mpole ghafla, akaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikasoma juu ya bega lake. Ulikuwa mwandiko wa Naserian. Baba yake, ambaye ndiye mtunza gari, hajui kuandika, na mama aliamua kazi hiyo iwe ya binti, kwa hiyo kila oili iliyobadilishwa ilisubiri arudi likizo aiandike. Kurasa za mwanzo herufi ni kubwa, zimelala, kidato cha pili. Za mwisho ni ndogo, zimesimama, za mtu anayeandika mitihani. Siku, kilomita, jina la fundi, hali ya uvungu. Mahali pengine ameongeza, "Baba anasema breki zinalia kidogo asubuhi tu," na chini yake, "Zimebadilishwa, hazilii."

Fundi akatoka uvunguni, akajipangusa, akamvuta bosi wake pembeni. Alidhani hatusikii.

"Bosi, propela ipo. Kavu kama mfupa. Huku chini ni safi kuliko gari la mdogo wako la namba E. Lipa, tuondoke kabla hajaja mtu."

Ofisa Kilimo akarudi na tabasamu la aibu. Akataja kumi na mbili. Mama Naserian akasema kumi na nne. Walipofika kumi na tatu na nusu wakapeana mikono, na Mama Naserian hakuachia mkono wa yule kijana mpaka alipokumbushwa. Miaka mitatu ya barabara ya Wasso, wagonjwa, mbuzi na vumbi, na gari lilikuwa limepungua milioni mbili tu. Mwenzake mweupe alipoteza kumi akiwa na namba E kifuani. Alhamisi asubuhi ada ililipwa, karatasi ikarudi na muhuri, Baba Naserian akaikunja mara nne akaiweka kwenye kifuko cha ngozi anachobebea ugoro.

Hilo ndilo gari langu la mwisho. Sasa nimestaafu, nina miaka ishirini na nane, na mkicheka chekeni tu. Nimestaafu kwa sababu yameanza kuja magari ya mseto, yenye injini na betri kubwa chini ya kiti, na nililala chini ya moja wiki ile nikatoka sijui nimeona nini. Sitamkagulia mtu kitu nisichokielewa. Nimepata nafasi kwenye chuo cha ufundi, umeme wa magari, na Jumatatu naanza darasani na watoto waliozaliwa wakati mimi najifunza kusoma. Nina furaha hata viatu nimeshavipiga rangi.

Nikitazama nyuma naona kwamba sikuwahi kumiliki gari hata moja. Niliyapitisha mikononi tu, na nilikuwa natamani kila moja. Lakini ninyi mnaoanza, msidhani mnauza chuma. Mtu akija na pochi ameishika kwa mikono miwili, muulize kwanza analitaka la nini na ataachana nalo lini. Halafu lala chini. Baridi ya sakafu ya yadi haijaniua, na leo nikisimama sokoni Karatu kuna watu wasiopungua hamsini wanaonisalimia kwa jina la gari lao.

Jana Naserian alinipigia kutoka chuoni. Wamegawiwa vitanda, wamepewa ratiba, na wameambiwa kila mmoja aje na koti jeupe.

"Umelipata la saizi yako?" nikamuuliza.

"Linanifika magotini, dada. Mama amechagua la kitambaa kizito, amekataa nishonewe jina. Anasema nilitunze lisipate doa, kuna mwanafunzi atakayeanza nikimaliza mimi, atakuja kulinunua."